Siku Watani Walipoweka Majembe Chini

Katika milima ya Uluguru mfiwa hachimbi kaburi la mtu wake. Hashiki jembe, haoshi maiti, hata maji ya kunawa hajichotei. Kazi hiyo ni ya watani, watu wa ukoo mwingine ambao tangu zamani wamepewa haki ya kuwatukana wenzao pamoja na wajibu wa kuwazika. Mtani anayechimba kaburi ataingia humo na kulala, atagoma kutoka, atamsema marehemu kwa uchoyo na ulafi wake, mpaka wenye msiba wacheke machozi yakiwa bado mashavuni. Asipowachekesha, hajawazikia vizuri. Na msiba hauishi siku ya kuzika. Unaisha siku mtani huyo atakaporudi, akazima moto uliowashwa siku ya kifo, akazoa majivu, akawanyoa wafiwa, akawasha moto mwingine. Kabla ya hapo mfiwa mkuu hapandi mbegu, halali na mwenziwe, hapiki chakula cha kuliwa na wengine.

Yuliana, binti wa Bi Pili, aliyajua hayo kama alivyoijua njia ya mtoni. Aliyajua pia Gabrieli, mwalimu wa dini katika misheni ya Lusongwe, juu ya Mlali. Gabrieli alizaliwa na mdogo wake Bi Pili, na kwa hesabu ya lukolo, yaani ukoo unaofuata upande wa mama, huyo ni ndugu wa Yuliana kabisa. Jambo hili lifahamike tangu mwanzo. Katika yaliyotokea, mtu mmoja tu angeweza kusema kwamba hakujua, naye ni Padri Anselmi. Padri hakujua kwa sababu hakuuliza mtu mwingine ila Gabrieli.

Yuliana hakuwa adui wa misheni. Alikuwa na sababu ya kuipenda kuliko wengi walioimba humo. Mtoto wake wa kwanza, Agnes, aliota meno ya juu kabla ya ya chini, na kwa desturi ya siku zile mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi. Wazee walikwisha kaa kikao. Yuliana alimfunga mtoto mgongoni akapanda mlima mpaka kwa mapadri, akasema kwa Kiswahili kibovu, "Huyu mzima." Walimpokea. Agnes aliishi, akakua, akajifunza kusoma. Mama yake alibatizwa kwa sababu hiyo, na alipopiga magoti aliamini anachokisema. Mumewe, Kasiani, alibatizwa kwa kumfuata yeye.

Bi Pili alifariki mwaka wa pili baada ya reli kufika Morogoro, mvua za vuli zikikaribia. Alikuwa amebatizwa kitandani, katika homa, akapewa jina la Roza. Padri Anselmi alisema atazikwa katika makaburi ya misheni, na Yuliana alikubali kwa moyo wote. Wala haikumpitia akilini kwamba kukubali ardhi ya misheni ni kuwakataa watani. Ardhi ni ardhi. Mtu wa kuifukua ni jambo lingine.

Watani hawaalikwi. Walifika alfajiri na majembe yao kutoka Mlali, mbele yao Stambuli, mkulima wa tumbaku, mrefu, mwenye mdomo uliojulikana mpaka Bigwa. Stambuli alikuwa Mwislamu. Alisilimu mjini Morogoro akiwa kijana, na mwalimu wake wa dini hakuona tatizo lolote katika kumchimbia kaburi mtu aliyemtukana maisha yake yote. Walichimba vizuri, kuta zimenyooka. Maiti ilipoletwa, Padri mbele na Gabrieli nyuma yake ameshika maji ya baraka, Stambuli hakuonekana. Alikuwa amelala shimoni.

"Roza ndiye nani?" sauti ilitoka chini. "Mimi nimekuja kumzika Pili. Pili mchoyo! Pili wa tonge la ugali dogo kama yai la kanga! Shimo hili nimelijaribu, lina ubaridi mzuri, sitoki. Huyo Roza wenu mtafutieni pengine."

"Toka humo, mla panya wee!" mwanamke mmoja wa ukoo wa wafiwa alimjibu.

"Sitoki! Pili mke wangu. Nani kamruhusu ahamie kwa Mzungu bila kuniaga?" Akainua kichwa ukingoni, akamwona Padri katika vazi lake jeupe la ibada. "Ahaa! Kumbe sanda ya mke wangu kaivaa huyu! Mvueni jamani, marehemu atapigwa na baridi!"

Watu walicheka. Yuliana alicheka, mara ya kwanza tangu mama yake akate roho, na kicheko kile kilipasuka kikawa kilio kikubwa, naye akashikwa mabega na wanawake wenzake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Msiba ulikuwa unakwenda sawasawa.

Padri Anselmi alikuwa amejifunza Kiswahili cha pwani kwa bidii. Kiluguru hakukijua. Aliona mtu kaburini akipiga kelele na Wakristo wake wakicheka mbele ya jeneza. Akageuka.

"Gabrieli, anafanya nini mtu huyu?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Anatuzikia mama yetu, Padri. Mtoto wa miaka saba wa kijiji chochote cha mlimani angeweza kulitoa. Lakini Gabrieli alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amesimama karibu na Padri mahali ambapo ukoo wote ulimwona, na kwa miaka mingi alikuwa amejitahidi Padri asione kwamba anatoka miongoni mwa watu hawa. Alitazama chini.

"Mlevi huyo, Padri."

Baadaye alijitetea kwamba alichagua jibu jepesi. Mlevi huvutwa mkono akapelekwa kivulini alale. Angesema ni desturi, Padri angekasirika zaidi. Huenda. Lakini ambaye hasira ile ingemwangukia alikuwa mtu mwingine, na mtu huyo hakuulizwa.

Padri alifunga kitabu. Wanyapara wa misheni walimtoa Stambuli shimoni kwa mikono na miguu, naye mwanzoni aliendelea na mchezo, akidhani nao wanacheza. "Polepole, wakwe zangu, mtanivunja!" Walimpeleka kwa akida, akida akampeleka Morogoro bomani pamoja na maneno ya Padri: amelewa, amechafua maziko ya Kikristo. Huko alilazwa kifudifudi akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, adhabu ya kawaida ya utawala wa Mdachi, Mjerumani. Mgongo ukiwa bado unavuja akapelekwa kuvunja kokoto za barabara.

Pale makaburini watani wengine waliacha kazi. Waliyalaza majembe yao ardhini kando ya shimo, mmoja baada ya mwingine, wakashuka mlima. Kaburi la Bi Pili lilifukiwa na watoto wa shule ya misheni, wakiimba. Hakuna aliyecheka tena.

*

Mvua ziliwahi. Mabonde ya Mlali yalibadilika rangi, na kila mwanamke alikuwa shambani na mbegu zake. Shamba la Yuliana, alilorithi kwa mama yake kama mama yake alivyorithi kwa bibi yake, lilibaki limelimwa bila kupandwa, udongo wa juu ukianza kuteremka na maji. Nyumbani moto wa msiba uliendelea kuwaka kwa sababu hapakuwa na wa kuuzima. Kasiani alilala kwa kaka yake. Agnes alikula kwa jirani. Yuliana aliketi na nywele zake zinazoota, mtu ambaye mama yake amekufa na hajamaliza kufa.

Alimwendea Gabrieli shuleni.

"Kaka, mwambie Padri awaite watani. Au aniruhusu niwaite mimi."

"Dada, misa imeshasomwa. Mama yuko kwa Mungu."

"Sijauliza mama yuko wapi. Nauliza nani atazima moto wangu."

"Uzime mwenyewe. Moto ni moto tu. Zoa majivu, tupa, nenda kapande. Sisi si watu wa mambo hayo tena."

Yuliana alimtazama kichwani. Gabrieli, aliyezoea kunyoa kila mwezi, alikuwa na nywele nene kama kichuguu.

"Sisi nani?" aliuliza. "Na wewe mbona hujanyoa?"

Gabrieli alisema wembe wake umepotea. Kisha akapiga kengele ya darasa kabla ya saa yake.

Wakati ule Yuliana bado aliamini kwamba kosa lote ni la Padri, mgeni aliyeona asichokielewa. Aliyemfumbua macho ni Mwaisha, mke wa Stambuli. Walikutana gulioni Mlali, Mwaisha akinunua mafuta ya nyonyo ya kumpaka mumewe mgongo.

"Mmefurahi sasa?" Mwaisha alisema, bila salamu. "Mume wangu amerudi. Halali chali, hakai, analala juu ya tumbo kama mjusi. Kwa ulevi! Mume wangu, ambaye hata togwa iliyolala hainywi, anasema imeshachacha. Karani wa boma kamsomea mbele ya watu: Stambuli, mlevi."

"Nani alisema kalewa?"

"Nikuulize wewe. Mimi nilikuwepo? Mzungu wenu kapata wapi neno hilo?"

Yuliana alisimama palepale gulioni. Sikioni kwa Padri siku ile alisimama mtu mmoja tu.

*

Jumapili alipanda Lusongwe mapema. Hakuingia na wanawake wenzake. Alisimama kwenye mlango wa kanisa mpaka misa ilipokwisha na Padri akatoka kuwasalimu watu, Gabrieli ubavuni pake kama kawaida. Kiswahili cha Yuliana kilikuwa cha sala na katekisimu, lakini alikuwa amekipanga njia nzima.

"Padri. Stambuli hakulewa. Stambuli hanywi pombe, ni Mwislamu. Mwalimu Gabrieli alikudanganya."

Ua wote ulisikia. Padri Anselmi alikuwa mtu wa haki kwa namna aliyoielewa haki, na uso wake ulibadilika.

"Kweli, Gabrieli?"

Gabrieli alijikuna shingo. Macho ya watu wote yalikuwa juu yake, na safari hii hapakuwa na pa kujificha.

"Kweli, Padri. Hakulewa."

"Basi alikuwa anafanya nini?"

Ndipo Gabrieli alipomweleza. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili safi, yote: utani, kuchimba, kulala kaburini, moto, majivu, kunyoa. Yuliana alimsikiliza ndugu yake akisema kila neno ambalo lingemwokoa Stambuli, sasa ambapo halikuwa na faida kwa yeyote, akafikiri: basi leo itakwisha. Padri ataandika bomani kwamba walimpiga mtu bure. Atawaita watani. Nitapanda.

Padri alitafakari. Kisha akasema, polepole, kama mwalimu anayesahihisha hesabu, kwamba amefurahi ukweli umejulikana, kwa maana sasa anaona hatari ilivyo kubwa. Mlevi ni mtu mmoja. Hili ni upagani uliovaa kicheko. Tangu siku ile Mkristo yeyote atakayewaruhusu watani katika maziko, au katika kumaliza msiba, atatengwa na Sakramenti, na akifa hatazikwa na kanisa. Gabrieli atasamehewa uongo wake kwa toba. Kuhusu Stambuli hakusema kitu. Yuliana alipouliza, "Na mgongo wa Stambuli?" Padri alimwambia aende kwa amani.

Uongo ulimpigisha mtu kiboko, na ukweli ukawa sheria ya kuwazuia wenzake kumsaidia mfiwa. Aliyesema yote mawili alirudi ndani kukunja vitambaa vya altare.

Vitabu vya historia ya Ukristo katika milima ile vina miaka ya makanisa, majina ya mapadri na wingi wa waliobatizwa. Ua ule wa kanisa haumo, wala mwanamke aliyeteremka mlima peke yake bila kumpa mtu mkono.

*

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Mlali kwa Stambuli, akamkuta barazani juu ya mkeka, amelala kifudifudi, shuka likiwa limewekwa juu juu mgongoni. Stambuli aligeuza shingo akamwona.

"Karibu, Mama Agnes," alisema. "Habari za huko? Mwaisha, mletee mgeni kigoda."

Yuliana alihisi kama amemwagiwa maji. Tangu alipokuwa mtoto mtu huyu hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita kunguru, alimwita mke wa fisi, siku ya harusi yake alimwibia kiatu bwana harusi. Mtani akikusalimu kwa adabu, amekufuta katika watu wake. Wala hakuwa na haki ya kumlaumu. Ukoo wake ndio uliompeleka bomani.

Lakini utani una pande mbili, na upande wake Yuliana haukuwa umefutwa na mtu. Alikisukuma kigoda kwa mguu.

"Adabu hiyo umeipata bomani?" alisema. "Loo! Tangu utoto tunakufunza, ubongo haukushika. Mdachi kakufunza asubuhi moja tu!"

Mwaisha aliganda na kata ya maji mkononi. 

"Nimepanda na kushuka mlima kuja kutazama mgongo wa mume wangu." Yuliana aliinama, akainua shuka, akaona, na sauti yake ilitetemeka mara moja kabla ya kukaza. "Mama yangu! Mbona wamemlima matuta? Tena yamenyooka, kuliko anavyolima yeye tumbaku yake! Mwaisha, lete maharage nipande hapa. Maana kwangu sijapanda, mvua inaisha, na mtu wa kunizimia moto analala siku nzima kama mjusi!"

 Kisha mabega ya Stambuli yakaanza kutikisika. Mwaisha alidhani analia, na alikuwa analia, lakini kilichomtoka kinywani kilikuwa kicheko, kikali, cha kuumia, kila mtikisiko ukifungua kidonda.

"Kunguru wee," alisema alipopata pumzi. "Kunguru mbaya. Umekuja kuniua."

"Nimekuja kukuchukua."

"Wakinikamata tena?"

"Watukamate wote. Nitawaambia mimi ndiye mlevi."

Stambuli alifuta uso kwenye mkeka. "Bomani walinilaza kifudifudi," alisema, safari hii bila mzaha. "Najaribu kukumbuka nilivyolala chali kaburini mwa mama yako, siwezi. Ujue, nitakapokuja nitakuja mchana, njia kuu, na jembe begani. Sitakuja kama mwizi."

"Nani kakuomba uje kama mwizi?"

Alikuja Jumapili iliyofuata, kengele ya misheni ikilia, akipita mbele ya Wakristo waliokuwa wakipanda kanisani. Alitembea ameinama, ndugu zake nyuma yake. Alimwaga maji kwenye moto wa Bi Pili, akasema hata majivu yake ni machache, mchoyo yule. Aliyazoa akayatupa njia panda. Akamnyoa Yuliana, akilalamika kwamba kichwa kina mabonde kuliko Uluguru yenyewe. Wanawake walicheka wakajibu matusi kwa matusi. Moto mpya uliwaka.

Watu wa kanisani walipoanza kurudi, Gabrieli alitokea uani na kanzu yake. Alisimama pembeni kwa muda. Kisha akasogea mpaka mbele ya Stambuli, akainamisha kichwa chenye nywele za miezi. Alikuwa mfiwa kama wengine.

Stambuli, mwenye umri wa kuwa baba yake, aliweka wembe chini. Alipangusa mikono.

"Shikamoo, Bwana Mwalimu," alisema. "Karibu sana. Jamani, mpisheni Bwana Mwalimu kiti."

Kiti kililetwa, kikapanguswa vumbi. Hakuna aliyecheka. Gabrieli hakukaa. Alimgeukia Yuliana.

"Dada, mwambie. Tafadhali mwambie."

"Mwambie mwenyewe," Yuliana alisema. "Mkalimani ni wewe."

Akachukua jembe na kikapu cha mbegu, akapita kati yao kwenda shambani. Maharage yale yalichelewa, na msimu ule alivuna kidogo.

Padri alitimiza neno lake. Yuliana alinyimwa Sakramenti, na kila Jumapili alikaa karibu na mlango wa kanisa, kwa kuwa mlango huo, alisema, ndio uliompokea Agnes, na hakuna aliyemwambia kwamba Mungu ametoka. Wengine walipokwenda kukomunika, yeye alibaki ameketi na kichwa chake kilichonyolewa sawasawa.

Kutoka pale alimwona vizuri Gabrieli mbele, akiongoza sala. Padri, aliyekuwa ameziona nywele zile wiki baada ya wiki bila kujua anatazama nini, hatimaye alimwambia mwalimu wake ajitengeneze, haipendezi. Jumapili moja Gabrieli alikuja amenyoa. Padri alimsifu. Lakini alipogeuka kuielekea altare, kanisa zima liliona mikato ya wembe, na kisogoni, mahali ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki vizuri, shungi la nywele lililobaki.